Anti-TPO imesoma 412 lakini T4 iko ndani ya kiwango: majibu haya ya thairoidi yasomwe vipi?

MwalimuIgoma aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, nina umri wa miaka 32 na mtoto mmoja, na mimi na mume wangu tunajiandaa kutafuta wa pili. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikichoka kupita kiasi, nywele zinang'oka kila ninapochana, ubaridi wa alfajiri unaotoka ziwani unanisumbua kuliko watu wengine wa nyumbani, na hedhi imekuwa nzito kuliko nilivyozoea. Daktari alinipapasa shingo, akasema tezi ya thairoidi imevimba kidogo, akaniandikia vipimo vya damu. Majibu yametoka, naye amesafiri hadi wiki ijayo. Aliyenikabidhi karatasi alisema tu kwamba kingamwili ziko juu sana, basi.

Karatasi inasomeka hivi. TSH ni 5.8 mIU/L, na kiwango cha kawaida kilichochapwa pembeni ni 0.4 hadi 4.2. T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe, ni 13.6 pmol/L, kiwango kikiwa 12 hadi 22. Anti-TPO, ndiyo hizo kingamwili, ni 412 IU/mL, ilhali inatakiwa kuwa chini ya 34. Anti-Tg ni 96, na inatakiwa kuwa chini ya 115.

Ninachoshindwa kuelewa ni jinsi mstari mmoja unavyoweza kuzidi kiwango mara kumi na mbili huku homoni yenyewe ikionekana kuwa sawa. Je, tezi yangu inaharibika kwa kasi ya namba hiyo? Je, kuna dawa ya kuishusha? Jambo la tatu linanitia aibu kidogo kuliandika: mama mkwe alipomsikia mume wangu akitaja kingamwili na majibu chanya, alinyamaza, kisha akauliza kwa upole kama mtoto naye amepimwa. Ninyi mnajua alichokuwa akifikiria. Ningependa nimjibu kwa uhakika.

MaabaraKanda alijibu:

Dada Mwalimu, pole kwa wasiwasi. Mimi ni mteknolojia wa maabara, kwa hiyo nitazungumzia karatasi, na mambo ya matibabu nitawaachia madaktari waliomo humu.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu hofu yake inatibika leo hii. Sisi sote tumezoea kusikia habari za kingamwili kwenye vipimo vya virusi vya UKIMWI, ambako kuzikuta maana yake ni kwamba mwili umekutana na kirusi kilichotoka nje. Kingamwili zilizoandikwa kwenye karatasi yako hazikutengenezwa dhidi ya mdudu wala kirusi chochote. Zimetengenezwa dhidi ya kimeng'enya kilichomo ndani ya tezi yako mwenyewe, kinachoitwa thairoidi peroksidesi, ambacho kazi yake ni kuiunganisha iodini ili homoni ipatikane. Hali hii haiambukizwi kwa damu, kwa tendo la ndoa, kwa chombo cha chakula wala kwa kunyonyesha. Huwa inatembea katika ukoo, hivyo swali la maana zaidi kuuliza ni kama katika ukoo wenu, wa mama yako au wa baba yako, kuna aliyewahi kuugua tezi ya shingo, kisukari kinachoanza utotoni, au ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi.

Sasa namba. Anti-TPO ya 412 haina maana ya ugonjwa mara kumi na mbili. Kila mashine ina kiwango chake: moja hukata kwenye 34, nyingine kwenye 9, nyingine kwenye 60, ingawa zote huandika IU/mL na zote hudai kurejea kwenye kipimo kimoja cha kimataifa. Nimeona sampuli ya mtu yule yule ikitoa namba mbili zinazotofautiana sana kwa sababu tu ilipita kwenye mashine mbili, na mgonjwa akafurahi kwamba amepona nusu. Usilinganishe namba ya maabara moja na ya nyingine, wala namba yako na ya rafiki yako. Swali ambalo kipimo hiki hulijibu vizuri ni moja tu, nalo ni kama kingamwili zipo au hazipo. Kwako zipo, bila shaka yoyote, kwa sababu 412 iko mbali na mpaka. Ingekuwa 38 au 41 ningekuwa na maneno mengine.

Anti-Tg yako, yaani kingamwili dhidi ya protini nyingine ya tezi, haijavuka kiwango, na hilo halipingani na la kwanza. Watu wengi wenye shida hii huwa na anti-TPO peke yake, wachache huwa na anti-Tg peke yake, na wapo wachache ambao tezi yao inashambuliwa huku vipimo vyote viwili vikisoma kawaida, wakagundulika kwa picha ya ultrasaundi.

Kabla sijamaliza nina swali moja ambalo naomba ulijibu hapa hapa. Umesema nywele zinang'oka. Je, unatumia vidonge vyovyote vya nywele na kucha, vile vinavyouzwa kwenye maduka ya vipodozi? Vingi vina biotini, aina ya vitamini B, na baadhi ya mashine za homoni hutumia biotini hiyo hiyo ndani ya kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia. Ikizidi kwenye damu, huishusha TSH kwa uongo na kuzipandisha T4 na hata anti-TPO kwa uongo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya jambo hili mwaka 2017, lakini kwenye dirisha la kutolea damu bado ni nadra mtu kuulizwa.

DaktariZiwani alijibu:

Mwalimu, nimefurahi kuona umeandika namba pamoja na viwango vyake na vizio vyake, kwa maana wengi hutuletea namba tupu na kutaka jibu. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani. Sijakupapasa shingo, kwa hiyo nitakachoandika kikusaidie kuzungumza na daktari wako na kisichukue nafasi yake.

Karatasi hii ina maswali mawili tofauti, na wasiwasi wako umetokana na kuyasoma kama moja. TSH na T4 hueleza tezi inafanyaje kazi leo. Anti-TPO hueleza kwa nini inafanya hivyo, na kwa kiasi fulani kipi kinaweza kufuata. TSH haitoki kwenye tezi hiyo kabisa, bali hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni ya nyapara: mfanyakazi akianza kulegea, nyapara hupaza sauti. Kwako sauti imepanda hadi 5.8, na kwa msukumo huo mfanyakazi bado anatoa T4 ya 13.6, ambayo ni ya kutosha ingawa iko karibu na sakafu. Hali hii tunaiita upungufu wa thairoidi uliojificha. Ndiyo sababu T4 inaonekana sawa: inashikiliwa pale kwa juhudi.

Anti-TPO inatuambia kwamba chanzo cha kulegea huko kinaelekea kuwa ugonjwa wa Hashimoto, yaani kinga ya mwili kuishambulia tezi taratibu kwa miaka. Zaidi ya tisa kati ya wagonjwa kumi wa Hashimoto huwa na kingamwili hii. Lakini hata katika watu wasio na ugonjwa wowote wa tezi, takriban mmoja kati ya kumi huwa nayo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na wengi wao watazeeka bila kujua. Jambo ambalo wagonjwa wangu hushangaa kulisikia ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na seli za kinga zinazojipenyeza ndani ya tezi, na kingamwili ni alama ya vita zaidi ya kuwa silaha yake kuu. Daktari Hakaru Hashimoto alieleza ugonjwa huu mwaka 1912 kwa kuzichunguza kwa hadubini tezi za wanawake wanne, na kingamwili zenyewe hazikugunduliwa hadi mwaka 1956 huko London. Miaka yote hiyo ugonjwa ulijulikana bila namba hii unayoihofia.

Kuhusu kasi, tunao ushahidi mzuri kutoka Whickham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ambako watu walipimwa miaka ya 1970 na kufuatiliwa kwa miaka 20. Mwanamke mwenye kingamwili huku TSH yake ikiwa ya kawaida alikuwa na uwezekano wa asilimia 2 hivi kwa mwaka wa kuishia kwenye upungufu kamili. Mwenye kingamwili pamoja na TSH iliyopanda, kama wewe, alikuwa na asilimia 4 na ushee kwa mwaka. Huo si mteremko wa ghafla, ila unatosha kukufanya upimwe TSH kila mwaka hata kama leo ungeonekana mzima.

Kuhusu dawa ya kuishusha anti-TPO, hatutibu namba hiyo, na hakuna sababu ya kuirudia baada ya kuipata mara moja. Ipo madini inayoitwa seleniamu ambayo katika baadhi ya majaribio iliishusha namba bila kuonyesha wazi kwamba wagonjwa walijisikia nafuu, na ikizidi huleta sumu, hivyo siiandiki. Tunachotibu ni upungufu wa homoni, kwa kidonge cha levothairoksini, yaani thairoksini (T4) ya kutengenezwa. Kwa mtu asiyepanga kubeba mimba, TSH ya 5.8 mara nyingi tungeirudia baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kuamua lolote, kwa sababu hupanda kwa muda mtu anapotoka kwenye maradhi mengine, na wengi hurudi kawaida wenyewe. Ikivuka 10, tunatibu karibu kila mtu.

Wewe unataka mtoto, na hapo ndipo mzani hubadilika. Katika nusu ya kwanza ya ujauzito mtoto hutegemea sana homoni ya mama, kwa kuwa tezi yake mwenyewe huanza kazi mnamo wiki ya 12 na huchukua wiki kadhaa zaidi kukomaa. Mahitaji ya mama hupanda mapema, mara nyingi kabla hajafika kliniki, na tezi iliyokwisha kuchoka hushindwa kuongeza uzalishaji. Kwa mwanamke mwenye TSH juu ya kiwango, mwenye anti-TPO na anayetafuta mimba, madaktari wengi wataanza kiasi kidogo, mikrogramu 25 hadi 50 kwa siku, wakilenga TSH ya chini ya 2.5, kisha watapima kila baada ya wiki nne hivi hadi katikati ya ujauzito. Tofautisha na mama ambaye ana kingamwili lakini TSH yake ni nzuri: jaribio kubwa la Uingereza lililotangazwa mwaka 2019 liliwapa wanawake wa namna hiyo levothairoksini kuanzia kabla ya mimba, na idadi ya waliojifungua watoto hai haikuongezeka. Kingamwili peke yake si sababu ya dawa. Baada ya kujifungua pia upimwe, kwa maana wenye anti-TPO wako katika hatari kubwa ya tezi kuvimba na kuyumba ndani ya mwaka wa kwanza, wakati ambao kila mtu huudhania uchovu wa kulea.

Jambo la mwisho, nalo ni la hapa kwetu. Uchovu, nywele kung'oka, kuhisi baridi na hedhi nzito ni dalili za upungufu wa damu kama zilivyo za thairoidi, na upungufu huo unaweza kuletwa na hedhi nzito yenyewe, na safura, au na kichocho cha tumbo ambacho kimejaa katika fukwe hizi. Sijaona picha kamili ya damu kwenye orodha yako. Iombe, pamoja na kipimo cha choo. TSH ya 5.8 mara nyingi haitoshi kueleza uchovu wote unaoutaja, na ningesikitika ukimeza thairoksini mwaka mzima huku minyoo ikiendelea kula bila bughudha.

MkereweHalisi aliandika:

Shikamoo daktari. Huku visiwani tangu utotoni tunaambiwa kwamba shingo ikivimba ni upungufu wa iodini, na kwamba mtu ale dagaa na chumvi kwa wingi. Dada yetu huyu aongeze? Kuna jirani yangu pia anauza unga wa mwani kutoka Zanzibar, anasema unamaliza tezi.

DaktariZiwani alijibu:

Marahaba. Upungufu wa iodini ulikuwa na bado ni chanzo halisi cha rovu, hasa nyanda za juu, na chumvi yenye iodini ndiyo iliyoupunguza. Lakini rovu la upungufu wa iodini kwa kawaida haliambatani na anti-TPO kubwa kama hii. Dagaa wa ziwa ni chakula kizuri chenye protini na chokaa, ila samaki wa maji baridi hana iodini nyingi kama wa bahari, kwa hiyo anayewala kwa ajili ya tezi anakula kitu chema kwa sababu isiyo sahihi. Chumvi ya pakiti yenye iodini, kwa kiasi cha kawaida cha mboga, inatosha, na ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko. Mwani ni habari nyingine. Una iodini kwa viwango visivyotabirika, na iodini ikizidi ghafla kwenye tezi yenye Hashimoto inaweza kuizima badala ya kuiamsha. Aache.

MamaSengerema alijibu:

Mwalimu mwenzangu, nina Hashimoto na ninameza levothairoksini, nami nilijifungua salama nikiwa juu ya dawa hiyo. Madaktari wamesema ya kwao, mimi nitakuambia ya jikoni. Kidonge hicho hakitaki kukutana na kitu kingine. Nakimeza alfajiri kwa maji matupu, kisha naogesha watoto na kuwaandaa, na chai nainywa baada ya nusu saa au zaidi. Utakapokuwa mjamzito utapewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, na kila mtu atakuambia uvimeze asubuhi. Usivimeze pamoja na thairoksini, kwa sababu madini ya chuma huikamata dawa tumboni isifyonzwe. Mimi vya damu nilivihamishia usiku, baada ya chakula, na nesi alipoona nimeandika saa zote mbili nyuma ya kadi aliwaonyesha na wengine.

Jambo lingine: mwombe daktari akueleze tangu sasa utafanya nini siku ile ile utakapogundua una mimba. Mimi nilielekezwa niongeze vidonge viwili kwa wiki mara moja, kisha niende kupima, kwa sababu kutoka kwetu kuvuka kwa kivuko hadi mjini, kutoa damu na kusubiri majibu kunaweza kula wiki. Maelekezo hayo yawe yako wewe, yameandikwa na daktari wako. Usinakili ya kwangu.

Kuhusu mama mkwe, wa kwangu alitulia alipoambiwa kwamba shangazi yake mume wangu aliyekuwa na shingo nene huenda alikuwa na shida hii hii. Ukoo wao wenyewe, basi mazungumzo yakaisha.

MwalimuIgoma aliandika tena:

Nawashukuru nyote, na daktari pekee nimemsoma mara mbili. MaabaraKanda, nimeikagua ile kopo: kidonge kimoja kina biotini mikrogramu 10,000, na siku ya kutoa damu nilikuwa nimekimeza asubuhi. Je, hii ina maana kwamba sina Hashimoto? Na nikirudia, nilipie vipimo vyote vinne?

MaabaraKanda alijibu:

Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 30 hivi, kwa hiyo kidonge hicho ni kikubwa kweli. Tazama mwelekeo wa uongo, dada. Kama mashine iliyotumika ni ya aina inayoathirika, biotini ingeishusha TSH na kuipandisha T4. Maana yake TSH yako halisi inaweza kuwa juu ya 5.8 na T4 yako halisi chini ya 13.6, yaani kosa, kama lipo, limeficha upungufu badala ya kuubuni. Anti-TPO ndiyo inayoweza kuwa imekuzwa, na hiyo ndiyo sababu pekee ya kuirudia kwa mara moja, kinyume na kawaida aliyoieleza daktari. Anti-Tg iache.

Sitisha vidonge hivyo. Siku mbili ndizo huelekezwa kwa uchache, lakini kwa kiasi hicho mimi ningekupa wiki nzima, nawe una wiki hiyo hadi daktari arudi. Huhitaji kufunga kula. Nenda asubuhi, kwa sababu TSH hubadilika kulingana na saa, rudi kwenye maabara ile ile ili namba zilinganishike, na mwambie anayetoa damu aandike kwenye fomu jina la vidonge na siku uliyoacha. Lipia TSH, T4 huru na anti-TPO, na ile picha kamili ya damu itolewe kwenye mchomo huo huo, ingawa itaingia kwenye chupa nyingine, ile yenye kifuniko cha zambarau.